Habari ya Motokaa Iliyokuwa Ikijikwaa

Wasomaji wetu wengi wayajua magari kwa kuyapanda na kwa kuyasukuma, wala hawana haja kubwa ya kujua kilichomo chini ya boneti. Lakini kwa kuwa magari ya kale bado yako katika nchi yetu ya katikati, na kwa kuwa mengi yake huugua ugonjwa mmoja unaofanana, twaona si vibaya kueleza jinsi ugonjwa huo ulivyotafutwa katika gari moja hapa Mpwapwa mpaka ukaonekana. Mafundi husema gari linamisi. Maana yake ni kwamba injini hukosa pigo moja katika mapigo yake, kama mtu aendaye njiani, ambaye kila hatua ya nne mguu wake hujikwaa.

Gari lenyewe ni Land Rover refu la petroli, la silinda nne, lililotengenezwa mwaka 1978. Magari ya jina hilo yalionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika mji wa Amsterdam mwaka 1948, na kwa miaka mingi mtu wa kijijini aliposikia mlio wa motokaa mbali porini, alitazamia kuona Land Rover na si kitu kingine. Sisi walimu watano tulichanga fedha zetu tukalinunua kwa mtu wa Dodoma. Siku za Jumamosi hubeba alizeti na karanga za wakulima kuja sokoni, na fedha ya kukodishwa hulipa karo za watoto wetu. Siku nyingine zote, usiku na mchana, likihitajiwa kwa mgonjwa au kwa msiba, huenda. Hilo halikuandikwa katika mapatano yetu, lakini mtu mwenye gari kijijini hawezi kulifungia ndani huku jirani akimwita mlangoni.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Alfajiri, injini ikiwa baridi, iliwaka mara moja na kunguruma vizuri, hata mtu angedhani ni mpya. Tukifika Gulwe, penye stesheni ya reli, injini imekwisha kupata moto, na hapo huanza kutetemeka. Tukisimama, gari zima hutikisika pamoja na vikombe vya chai vya abiria. Tukiongeza mwendo katika tambarare, mtikisiko hupungua, ingawa nguvu hairudi yote. Tukianza kupanda vilima vya kwenda Kibakwe, gari huishiwa pumzi, tukashuka gia mpaka ya kwanza, na watoto wa njiani wakatupita kwa miguu wakitucheka.

Kucheka kulikwisha usiku mmoja wa mwezi wa Mei. Tuliitwa tukamchukue mama mmoja katika kijijini cha vilimani, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na mkunga akasema hawezi tena kumsaidia pale nyumbani. Kwenda tulikwenda polepole. Katika kurudi, tulipofika kwenye korongo la mchanga kabla ya Gulwe, tulipunguza mwendo ili tuvuke, na injini ikazimika. Ikawaka, ikazimika tena. Ndugu zake yule mama walikata matawi, wakayatandika juu ya mchanga, wakalisukuma gari gizani, na mume wake alikuwa mmoja wa waliosukuma, wala hakusema neno. Tulifika hospitali kumekucha. Mtoto alizaliwa hai robo saa baada ya kufika kwetu. Sisi tulikaa nje chini ya mti, kila mmoja akihesabu kwa siri zile saa zilizopotea korongoni.

Juma lile lile walimu watano tulikutana. Watatu walitaka gari liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao hupima chuma kwa kilo, wala hawaulizi habari za injini. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Walisema, gari lisilotegemewa ni baya kuliko kutokuwa na gari, maana watu huliwekea matumaini, nao wangalipata njia nyingine mapema kama lisingekuwapo. Wawili tuliomba mwezi mmoja tu wa kutafuta sababu. Tukapewa mwezi mmoja, na shilingi si nyingi.

Basi, mtu akitangaza barazani kwamba gari lake linamisi, hatakosa madaktari. Mmoja alisema ni plagi, mwingine ni koili, mwingine ni kabureta, na mmoja alisema injini yote ibadilishwe iwekwe ya dizeli, naye alikuwa na ndugu mwenye kuziuza. Wengi walisema ni petroli iliyochakachuliwa. Neno hili la kuchakachua kila Mtanzania alijua: ni kuchanganya petroli au dizeli na mafuta ya taa, ambayo kwa zamani yalikuwa ya bei nafuu kwa kuwa yalitozwa kodi ndogo. Uovu huo ulienea hata mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayosimamia mafuta na maji na umeme, ikaanza kutia alama ndani ya mafuta ili mchanganyiko ujulikane ukipimwa. Na mwaka 2011 Serikali ikapandisha sana kodi ya mafuta ya taa, ili mwenye kuchanganya asione faida. Kwa hiyo shauri lile halikuwa la upuuzi. Lakini lina kasoro moja, ambayo fundi wetu aliionyesha baadaye kwa maneno machache: petroli mbaya hunywewa na silinda zote nne, nazo zote huugua pamoja.

Fundi huyu tutamwita Fundi tu, maana hakutaka jina lake litajwe. Ni mzee wa hapa hapa, na karakana yake ni mwembe mmoja na sanduku moja la spana. Katika ujana wake alichunga ng'ombe, na watu humtania kwamba ndiyo sababu hulizunguka gari kwanza kabla ya kuligusa. Mji wa Mpwapwa, tangu Wajerumani walipoweka hapa kituo cha utabibu wa mifugo mwaka 1905, una watu wengi waliozoea kuona mnyama akitazamwa jicho, akipimwa joto, akisikilizwa tumbo, ndipo dawa itolewe. Sisi twadhani mazoea hayo yalimfaa kuliko cheti.

Tulimwamkia, naye akaitikia, akaketi juu ya tairi. Hakufungua boneti. Akauliza, "Walimu, laanza likiwa baridi au likiwa moto?"

Tukasema, likiwa moto.

"Likienda pole hutetemeka zaidi, au likikimbia?"

Tukasema, likienda pole, na likisimama ndiyo zaidi.

"Mtikisiko una mpango, kama ngoma, au waja ovyo ovyo?"

Hapo tulitazamana, kisha tukasema kwamba una mpango. Mwenzetu mmoja akaupiga kwa vidole juu ya bati la gari: tatu na pengo, tatu na pengo.

"Na mkono wa mwisho kuifungua injini hii ulikuwa wa nani?"

Tukasema hatukuifungua sisi, ila yule aliyetuuzia alituambia kwamba kabla ya kuliuza alimpa fundi mmoja alitengeneze, na injini imetulia kabisa, haina kelele hata kidogo. Mzee akarudia neno lile, "Haina kelele," kama mtu anayeliweka mfukoni, akatuambia tumletee gari kesho yake, kwanza likiwa baridi.

Ili msomaji afuate yaliyotendeka, yapasa ajue silinda moja yahitaji nini ili ipige pigo lake. Yahitaji hewa na petroli kwa kiasi kinachopatana. Yahitaji mchanganyiko huo ubanwe sana na pistoni, jambo ambalo mafundi huliita kompresheni. Kisha yahitaji cheche ya moto, nayo ije kwa wakati wake. Kikikosekana kimoja, pistoni hupanda na kushuka bure, ikibebwa na wenzake. Katika injini yetu silinda hupiga kwa zamu: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Cheche hutoka kwa betri ya volti 12 tu, lakini pointi zikifunguka, koili huugeuza umeme huo kuwa wa maelfu mengi ya volti, nao huruka katika mwanya wa plagi usiofika milimita moja. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, cheche hizo ni 4,000 katika dakika ile ile. Mtu akifikiri hesabu hiyo, hatashangaa kwamba gari humisi. Atashangaa kwamba mara nyingi halimisi.

Siku iliyofuata Fundi alisafisha kichujio cha hewa, ambacho katika magari haya ni bakuli lenye mafuta, na mavumbi ya njia zetu yalikuwa yameyageuza mafuta yale kuwa tope. Akapima mwanya wa pointi, akaupata kuwa kama inavyotakiwa, kati ya milimita 0.35 na 0.40. Hayo, alisema, ni kunawa mikono tu. Ndipo akatutuma twende mpaka Gulwe na kurudi, ili injini ipate moto.

Tuliporudi, likitetemeka kama kawaida yake, alichukua koleo lililofungwa mpira, akaanza kuchomoa nyaya za plagi, mmoja mmoja, injini ikiwa inazunguka. (Jambo hili lisijaribiwe katika magari mapya yenye umeme wa kielektroniki, maana laweza kuunguza vyombo vya thamani, na hata katika la kale lina hatari kwa mikono mitupu.) Alipochomoa waya wa silinda ya kwanza, injini ililegea karibu kuzimika, maana silinda ile ilikuwa ikifanya kazi, na sasa imenyimwa. Ya pili, vivyo hivyo. Alipochomoa waya wa tatu, hapakuwa na badiliko lo lote. Injini ilitetemeka vile vile, haikujua kwamba imenyang'anywa kitu. Ya nne, ikalegea tena. Basi mgonjwa alijulikana, naye ni silinda ya tatu.

Hapa twaomba ruhusa ya kusema neno la kando. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayojitambulia jambo hili yenyewe. Marekani iliamuru tangu magari ya mwaka 1996 kwamba kila gari dogo jipya liwe na chombo cha kusoma makosa ya injini kwa namba zilizo sawa kwa watengenezaji wote, na gari la namna hiyo, silinda yake ya tatu ikikosa, huandika P0303. Kijana mwenye kifaa kidogo husoma namba hiyo kwa muda wa kunywa maji. Twasifu werevu huo. Ila namba ile yasema tu kwamba silinda ya tatu inakosa. Haisemi kwa nini. Yaani kijana yule, akiisha kusoma, amefika pale pale Fundi wetu alipofika kwa koleo lake, na kazi ndiyo kwanza inaanza. Wengi hununua plagi na koili kwa ajili ya namba ile, wakarudi na namba ile ile.

Fundi alitoa plagi ya silinda ya tatu akaitia katika ya kwanza, na ya kwanza akaitia katika ya tatu. Ikiwa plagi ndiyo yenye kosa, ugonjwa ungehama pamoja nayo. Haukuhama. Akaweka waya mwingine mzima badala ya ule wa tatu. Haukuhama. Tukangoja giza, akafungua boneti injini ikinguruma, tukatazama kama kuna cheche zinazotoroka katika nyaya au katika kifuniko cha distributa, kama vimulimuli. Hatukuona hata moja. Akashika plagi ya tatu kwa koleo karibu na chuma cha injini, na cheche ikaruka, ya buluu na yenye sauti. Basi, moto upo. Asubuhi akapaka maji ya sabuni mahali pale hewa inapoingilia, kwenye viungo vyake, kutazama kama pana tundu linalovuta hewa ya wizi katika silinda ile. Povu halikuvutwa, wala mlio haukubadilika. Basi hewa na petroli pia havina kosa.

Kisha akafanya jambo lililowachekesha watazamaji. Alichukua karatasi ya daftari, akaenda nyuma ya gari, akaishika mbele ya bomba la moshi. Moshi uliisukuma karatasi, ukaisukuma, ukaisukuma, mara karatasi ikavutwa kuelekea ndani ya bomba, kisha ikasukumwa tena. Tatu na pengo, na katika pengo lile bomba lilikuwa likinywa hewa badala ya kuitoa. Fundi hakusema kitu, ila tuliona uso wake umekunjuka.

Kilichobaki kilikuwa ni kompresheni, na kipimo chake hakuwa nacho. Akaazima kwa rafiki yake wa Kongwa. Kongwa ni jirani zetu, na ni nchi yenye ukumbusho mkubwa wa mitambo: kuanzia mwaka 1947 Waingereza walileta huko matrekta mengi ya kulimia karanga, mengine yakiwa masalio ya vita, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wake, mvua zikikatika, ulikauka ukawa kama tofali, ukayavunja majembe, na mwaka 1951 mpango wote uliachwa. Wazee husema katika yale mabaki ndimo vijana wengi walimojifunza kushika spana. Kipimo kililetwa kimefungwa katika kitambaa, kama dawa.

Alipima kwanza alfajiri, injini ikiwa baridi. Aliondoa plagi zote nne, akachomoa waya wa koili ili pasiwe na cheche, mmoja wetu akakanyaga mafuta mpaka chini, na stata ikaizungusha injini. Tukaandika kwa pauni kwa inchi ya mraba: ya kwanza 145, ya pili 140, ya tatu 140, ya nne 145. Yule mwenzetu aliyetaka gari liuzwe akasema, "Tazameni, hana ugonjwa." Fundi akajibu, "Mwalimu, mtu wa homa za jioni humpimi asubuhi."

Jioni, baada ya safari nyingine ya Gulwe, akapima tena upesi kabla injini haijapoa. Ya kwanza 145. Ya pili 145. Ya tatu 75. Ya nne 140.

Kwa hiyo silinda ya tatu ilikuwa ikivuja, nayo ilivuja ikiwa na moto tu. Lakini yavujia wapi? Zipo njia tatu. Yaweza kuvuja chini, kando ya pistoni, ringi zikiwa zimechakaa. Yaweza kuvuja pembeni, gasketi ikiwa imeungua kati yake na jirani yake, lakini hapo na jirani angekuwa na kipimo kibaya, nao wote wawili walikuwa wazima. Yaweza kuvuja juu, kwenye valvu. Fundi akatia kijiko kimoja cha mafuta ya injini katika tundu la plagi, ili mafuta yazibe kando ya pistoni, akapima tena. Kama kosa ni la ringi, kipimo kingepanda sana. Kilipanda kutoka 75 mpaka 80. "Ni valvu," akasema, "na kwa ile karatasi, ni ya kutolea moshi." Akafunga sanduku lake, maana jua lilikuwa limekuchwa, akatuacha na neno hilo usiku kucha.

Valvu ni kama kifuniko kidogo chenye mpini mrefu. Hufunguka kuacha kitu kipite, kisha springi huirudisha ikae imara katika kiti chake. Kinachoifungua ni chuma kinachoisukuma kwa juu, na kati ya chuma hicho na ncha ya mpini lazima pabaki nafasi ndogo. Katika injini hii nafasi hiyo ni milimita 0.25, kiasi cha unene wa kadi. Mafundi huita kazi ya kuipima kufunga tapeti. Sababu ya nafasi hiyo ni joto: chuma kikipata moto hurefuka, na mpini wa valvu ya kutolea moshi hupata moto kuliko yote. Nafasi isipokuwapo, mpini ukirefuka hukutana na kile chuma cha juu, hauna pa kwenda, na valvu huinuliwa kidogo katika kiti chake hata wakati ipasapo kufungwa. Kwa upenyo ule mgandamizo huvuja. Na injini ikienda pole, kuna muda mrefu wa kuvuja. Ikikimbia, muda ni mfupi, pigo moja mbili hupona. Ndiyo maana gari letu lilitetemeka zaidi likisimama. Baya kuliko yote, moto wa silinda hupita katika upenyo ule mara nyingi kila dakika, hata ukaila midomo ya valvu, na hapo hakuna dawa ila kuivua injini kichwa.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, alifungua mfuniko wa juu. Valvu ziko nane, na hesabu ya kuzipima yatupendeza sisi walimu, kwa hiyo twaiandika. Huwezi kupima valvu mpaka iwe imefungwa kabisa, na katika injini hii njia ya kujua ni kutumia namba tisa. Valvu ya nane ikiwa wazi kabisa, pima ya kwanza. Nane na moja ni tisa. Ya sita ikiwa wazi, pima ya tatu. Ya nne ikiwa wazi, pima ya tano. Ya saba, pima ya pili. Na hivyo hivyo kwa kugeuza. Yule mwenzetu wa kutaka kuuza, ambaye hufundisha hesabu, aliacha kunung'unika akaomba yeye ndiye azungushe injini kwa mkono.

Valvu ya kutolea moshi ya silinda ya tatu ni ya tano katika mstari. Fundi alijaribu kipande chembamba kabisa cha kipimo chake, cha milimita 0.05, kikaingia kwa shida. Palipotakiwa 0.25 palikuwa na 0.05. Nyingine nazo hazikuwa sawa: hii 0.10, hii 0.15, hakuna hata moja iliyofika kipimo. Na juu ya nati zake zote nane palikuwa na mikwaruzo ya spana, ambayo haijapata kutu.

Tuliuliza kwa nini mtu azibane hivyo. Fundi alieleza kwamba nafasi ile ndogo, kwa kuwa chuma hugonga chuma, hutoa mlio, tik tik tik, na katika injini za kale mlio huo husikika. Mwenye gari hutaka kuuza; mnunuzi husikia mlio, hudhani ni uchakavu. Fundi asiye mwaminifu, au asiyejua, hukaza tapeti zote mpaka mlio ukome, na mnunuzi husifu utulivu wa injini. Hapo tulikumbuka lile neno alilolitia mfukoni siku ya kwanza.

Hata hivyo hakuwa tayari kuliapia, naye alikuwa na sababu, ambayo yastahili kuelezwa, kwa kuwa yawahusu wenye magari ya kale wengi. Mwaka 1921, huko Marekani, mtu aitwaye Thomas Midgley aligundua kwamba petroli ikitiwa dawa yenye risasi haigongi vibaya ndani ya injini. Kwa miaka mingi dunia nzima ilichoma petroli hiyo. Risasi ni sumu, na yadhuru hasa akili za watoto; kwa hiyo nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha, na mwanzo wa mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuondolewa, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Hakuna mtu mwema anayeisikitikia. Lakini ile risasi ilikuwa pia ikipaka viti vya valvu utando mwembamba, na injini za kale ambazo viti vyake ni chuma laini cha kusubu ziliutegemea. Utando usipokuwapo, valvu hukitwanga kiti chake na kukila kidogo kidogo, huzama ndani, na kadiri inavyozama, nafasi ya tapeti hupungua mpaka ikaisha. Dalili yake ni ile ile tuliyoiona. Lakini dawa ni nyingine kabisa: viti vigumu havina budi kutiwa, na kazi hiyo hufanywa mjini kwa mashine, kwa fedha inayozidi zile tulizopewa.

Je, ilikuwa mkono wa mtu au valvu inayozama? Fundi alifunga tapeti zote nane kwa milimita 0.25, akapima mgandamizo injini ikiwa na moto, na silinda ya tatu ikapanda kutoka 75 mpaka 135, kwa hiyo midomo ya valvu ilikuwa haijaliwa sana. Akaiandika hesabu yote katika daftari letu, akasema, "Endeni kilomita elfu moja, mkarudi. Kiti kikiliwa, nafasi ya valvu ya tano itakuwa imepungua. Ikiwa ni mkono wa mtu, itabaki." Hakupokea malipo yake yote, nusu aliiacha mpaka siku ya kurudi.

Kilomita elfu moja kwa gari letu ni majuma manne, na mwezi tuliopewa ulikuwa umebakiwa na matatu. Yule mwalimu wa hesabu mwenyewe aliwaomba wenzake waongeze juma moja. Tulikwenda Kibakwe mara tano, mara mbili tukiwa na wagonjwa, na kwenye lile korongo la mchanga tulivuka kwa gia ya pili bila kusimama. Tuliporudi chini ya mwembe, Fundi alifungua mfuniko, akaweka kipimo katika valvu ya tano, kikaingia kwa kukwaruza kidogo kama kipasavyo. Milimita 0.25. Akajaribu tena kwa kipande cha 0.20, kikapita kimelegea. Tukamlipa ile nusu, na wanunuzi wa vyuma chakavu tukawapelekea habari wasije.

Sasa gari lalia tik tik tik kuanzia alfajiri mpaka jioni. Abiria hulalamika, na juzi, tuliposimama Gulwe, mtu mmoja mwenye spana mkononi alitujia kwa huruma akatuambia kwamba kelele ile ni rahisi, yeye aweza kuinyamazisha kwa dakika tano na kwa bei ndogo. Tulimshukuru, tukatia gia.